Mikorosho ya Ukoo na Digrii ya Saidi

Ruangwa, Alhamisi usiku, 1949

Nimekataa, na nimekataa mbele ya mama yake.

Dada yangu Somoe amekuja leo kutoka Nandagala na mwanawe Saidi, kwa kuwa kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Saidi amepata nafasi ya kusoma historia na ushairi wa Kiingereza chuoni Kampala. Ili aende, lazima tuuze mikorosho ya ukoo.

Nilimwuliza akirudi na digrii hiyo atakula nini.

"Nitakuwa mtu wa kufikiri, mjomba."

"Wa kufikiri tunao, wanalala na njaa. Dereva wa trekta kule Nachingwea, kwenye mradi wa karanga, hajui hata kuandika jina lake, na mkewe ana cherehani."

Somoe akasema kwa upole, "Lakini kaka, nyumba yako imejaa vitabu."

"Ndiyo maana paa linavuja. Na huyu hana hata nusu ya akili yangu."

Hilo si kweli. Nililisema kwa sababu lingemuumiza upesi, na lilimuumiza. Akasema Jumatatu atakwenda Nachingwea kujiandikisha kung'oa visiki.

Hesabu yangu ni sahihi. Lakini kila Ijumaa baada ya swala kijana huyu hupita hapa kunibishia, na mara nyingi hunishinda. Hakuna mwingine Ruangwa nzima anayethubutu.

Leo hakubisha. Alinipa mkono kwa adabu, akasema, "Umesema, mjomba."