Mkuki wa Masele

Ilemela, 9 Machi 1996

Mwanangu Evelina,

Sisi ni wazima, na mbuzi wa mama yako amezaa pacha.

Kamati ya mwalo wetu, hapa tunapoegesha mitumbwi, imeruhusu kuvua sato kwa mkuki. Sisi wavuvi wa ndoano tuna hofu. Sato jike hulea watoto wake kinywani, na siku hizo hali kitu, kwa hiyo ndoano haimpati. Mkuki humpata yeyote. Sikukuandikia mapema kwamba kaka yako Masele alinunua mkuki, na kwamba tangu Januari tulikuwa hatusemezani.

Jumanne alileta sato mkubwa, akamwambia mama yako, "Mpe mzee, maana ndoano yake imelala."

Mama yako alicheka. Mimi nilimfungua samaki kinywa juu ya sinia, mbele ya Masele. Vifaranga vikamwagika, vingine vikiwa hai bado.

Masele alichota maji kwa sufuria, akavikusanya kimoja kimoja, akashuka navyo mpaka kwenye miamba ya ziwani, wanakolelea sato. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba. Sikujua."

"Marahaba. Kaa, ule."

Jumamosi ijayo wavuvi wana mkutano. Masele ataomba mikuki isiingie kwenye miamba wakati sato wanalea. Wenzake humsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Tutakwenda pamoja, nami nitakaa upande wake, kati ya wenye mikuki.

Msalimie mumeo.

Baba yako,
Shimba