Siku Mto Ulipopona

Langas,
Eldoret.
14 Oktoba 1984

Mpendwa kaka Kipngetich,

Mombasa na joto lake wanasemaje? Nyumbani hatujambo, ila Nicholas mume wangu ana kikohozi kisichoisha. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi mno kusikia mwanao Chepkoech ameanza kutembea. Unasema mtamleta Desemba akae na Mama. Soma kwanza haya.

Unaukumbuka mto unaopita nyuma ya kiwanda cha nguo. Siku hizi unabadilika kufuatana na rangi ya vitambaa: leo mwekundu, kesho bluu. Vyura wamenyamaza wote. Ng'ombe wa Mama walikuwa wakisimama ukingoni, wakiutazama tu, wasinywe.

Nicholas ndiye msimamizi wa mashine ya kusafisha maji ya kiwanda kabla ya kumwagwa mtoni. Mota yake iliungua mwaka jana. Nyingine inatoka Ulaya, na kibali cha pesa za kigeni kimekwama Nairobi. Wakubwa nao hawana haraka. Wanasema mashine inakula stima bure na haitoi hata mita moja ya kitambaa. Nawachukia, kaka, lakini ndio wanaotulisha.

Mwezi uliopita wakaja wageni wa serikali kukagua maji. Ili wasione uchafu, wakubwa wakafungua mota ya mashine ya kufumia, wakaifunga kwenye ile ya maji. Mto ukawa safi, hata mawe ya chini yakaonekana. Jioni mota ikarudishwa kufuma, maana bila hivyo watu wangeachishwa kazi, Nicholas akiwemo.

Balaa ni kwamba siku hiyo ng'ombe walikunywa. Mama akawaona, akasema mto umepona, ng'ombe hawadanganyi. Kisima chake kimekauka kwa ukame huu, basi huko ndiko anakochota hadi leo, maji yawe na rangi yoyote. Ng'ombe mmoja amekufa, Mama analaumu nyasi. Nimemsihi mpaka nikalia, ananiambia nimekuwa mtu wa mjini.

Tayari ameosha kibuyu cha maziwa cha mjukuu wake kwa maji hayo, amekitundika jikoni.

Wewe kifungua mimba atakusikia. Njoo upesi, lakini mtoto mwache huko.

Nisalimie wifi Mary na umbusu Chepkoech. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mama anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia alicheka kwa furaha, nikaona fizi zake. Zote ni za bluu.

Dada yako akupendaye,
Jelagat