Sahani Yako Nimeifunika

Maskati, 10 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Vipi miguu, bado inawaka moto? Mimi sijambo, alhamdulillah, ila upweke tu wa jikoni kwa watu.

Daktari wako amenieleza kwa simu: sukari iko juu, na Ramadhani hii usifunge. Basi nisikilize. Chukua ile sahani ndogo nyeupe. Nusu yake jaza mboga za majani, dodo au kabichi. Robo weka maharage, au dagaa ukipata. Robo iliyobaki ndiyo viazi au ugali, na usiongeze! Chai bila sukari. Vyote viko hapo sokoni Nyamirambo, vya bei rahisi, huhitaji nyama. Bibi ninayemhudumia hapa ana sukari kama wewe, nampikia hivyo hivyo, na anaendelea vizuri.

Mwanao, Leila

Nyamirambo, 17 Februari

Leila mwanangu,

Marahaba. Miguu inawaka kidogo, macho mazima, Mungu ashukuriwe. Msalimie huyo bibi mwenye bahati, anayelishwa na mwanangu.

Sahani yako naifuata, sha. Lakini sufuria haijui kwamba baba yako amekufa na wewe umeondoka. Nikipika maharage yanatosha nyumba nzima, nayala mpaka nayachukia. Na nikishapakua hiyo robo yangu, nazungumza na nani? Na redio.

Kufunga nitafunga, usinigombeze. Mwaka mzima hakuna anayebisha mlango huu. Ikifika Ramadhani, Mama Usumani wa nyumba ya pili ananiita kila magharibi kwenye sinia lake. Nitakaaje pale na mimi nimekula mchana? Aibu gani hiyo! Na nisipokaa pale, nitakaa na nani?

Mama yako

Maskati, 24 Februari

Mama, shikamoo. Umeniliza nikiosha vyombo vya watu. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, usifunge. Dawa zako kwa tumbo tupu ni hatari, daktari kasema. Kula nyumbani kwako kwa amani. Niambie tu kwamba umekubali.

Leila wako

Maskati, 9 Machi

Mama, shikamoo. Hali yako? Ramadhani imeanza na simu yako haipatikani. Kama umekasirika nitukane, lakini andika. Hata bibi ameuliza mbona siku hizi chakula kina chumvi nyingi. Akili yangu haiko hapa, mama.

Leila

Nyamirambo, 15 Machi

Leila, marahaba. Nimepona, usiogope.

Nilifunga. Kichwa changu kigumu, unakijua. Alasiri nikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, nikaanguka karibu na jiko. Mama Usumani aliona sijaenda kufuturu, akaja kunitazama, akanikuta sakafuni. Wamenilaza kituo cha afya siku kadhaa, na simu ilibaki nyumbani imezimika.

Nilimwambia Mama Usumani sitakwenda tena kwake, maana sasa sifungi. Yewe! Alinifokea kama mtoto: "Nani kakwambia sinia ni mshahara wa njaa?" Sasa nakula mchana bila kujificha, na jioni naenda na bakuli langu la dodo. Wananitania, wananiita mbuzi, na mimi nacheka.

Mama yako

Nyamirambo, 6 Aprili

Mwanangu Leila,

Hujambo? Bibi wako hajambo? Idi imepita, wageni wamekwisha. Mama Usumani amerudi kwenye duka lake, analifunga usiku amechoka, anapitiliza kulala. Sitakudanganya, jioni ni ndefu sana.

Daktari amenipima, sukari imeteremka. Akauliza nani ananipangia chakula. Nikamwambia ni binti yangu, tunakula wawili.

Maana bado napika sufuria nzima, mkono umekataa kujifunza. Kwa hiyo natoa sahani mbili nyeupe. Moja naila mchana. Ya pili ni yako: nusu dodo, robo maharage, robo viazi, kama ulivyosema. Naifunika kwa kitambaa, naiweka mbele ya kiti chako. Magharibi ikiingia na hujaja, naila mimi.

Mama yako