Mapeasi ya Zuberi na Kombe la Mwaka Ule

Jumatano, manyunyu. Ukungu umeikalia Lushoto tangu alfajiri, na mpaka sasa saa nane mchana sijaliona hata paa la jirani. Goti la kushoto linauma. Moyo nao unauma, lakini huo hauna dawa ya kuchua.

Asubuhi kondakta wa basi la Mgwashi ameniletea kapu la mapeasi, kama kila msimu. Juu limefunikwa majani ya mgomba, na chini ya majani kuna kikaratasi chenye maneno yale yale: "Kapteni, ya kwanza ni yako." Ni mapeasi ya Zuberi. Mti wake ukizaa, hakuna anayeonja nyumbani kwake, hata wajukuu, mpaka kapu langu liwe limeondoka.

Leo nimeshindwa kula hata moja.

Wanafunzi wa chuo tulichosoma wameniomba niandike habari za msimu ule tulioleta kombe la mpira wa kikapu. Wanataka kuzibandika ukutani pamoja na picha yetu. Jana niliandika kurasa mbili safi, za kumpendeza mgeni rasmi: umoja, nidhamu, kujitegemea. Leo nimezifuta. Hakuna nililodanganya ndani yake, ila nililoliacha ndilo lenyewe.

Basi niliandike hapa, kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, ambako hakuna wa kunipigia makofi.

Tulikuwa wanachuo wa ualimu, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Kiwanja tulikichimba wenyewe kwa majembe, saa za kazi za mikono, ubavuni mwa mlima. Nguzo zilikuwa za miti ya msitu wa Shume, na pete alitutengenezea fundi mmoja wa sokoni kwa chuma chakavu. Mpira ulikuwa mmoja. Upande wa chini hapakuwa na uzio, kwa hiyo pasi ikikosewa mpira uliporomoka mpaka kwenye mashamba ya kabichi bondeni, na aliyekosea ndiye aliyeufuata. Ukishaufuata mara tatu kwa siku, ya nne hukosei. Nadhani ndiyo maana tulipowashukia watu wa tambarare walidhani tumepitia kwa mganga. Warefu hatukuwa nao, lakini mpira haukutuponyoka.

Zuberi alikuwa bora kuliko sote. Mwembamba, mkimya, na alipotupia kikapuni ungedhani anaweka kikombe kabatini. Mimi nilikuwa kapteni, na pia katibu wa vijana wa chama pale chuoni. Vyeo viwili kwa mtu ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinahesabika. Nilivipenda vyote viwili kupita kiasi.

Tulishinda, tukashinda, tukabakiza fainali Tanga mjini, Jumamosi. Tatizo likawa usafiri. Chuo kilikuwa na lori moja, na wiki hiyo lilikuwa limetolewa kwa kazi ya vijiji. Ndio wakati wa Operesheni. Watu waliokaa mbalimbali migongoni mwa milima walitakiwa washuke barabarani wakae pamoja. Bwana mmoja kutoka wilayani, msimamizi wa kazi hiyo, alikuja chuoni kutafuta vijana wenye nguvu. Nikanyoosha mkono. Nikasema timu yangu itamaliza kazi ya wiki nzima kwa siku tatu, ili Ijumaa tupewe lori. Alicheka, akakubali.

Hakuna aliyenituma.

Walitupeleka kitongoji kimoja juu ya Mgwashi. Kazi ilikuwa kuezua nyumba, kwanza nyasi, kisha fito, ili watu wasirudi nyuma. Siku ya kwanza niliona wenzangu wamenywea, nikawagawa pande mbili. Paa moja, pointi mbili. Tukawa tunapokezana matita ya nyasi kutoka juu mpaka chini kama tunavyopeana pasi, na kuhesabu kwa sauti. Wenye nyumba walikuwa wamekaa pembeni na vyungu vyao, wanatutazama. Naandika haya uso unaniwaka.

Jioni ya siku ya pili Zuberi aliniita kando. Nyumba zilizobaki, zile za ng'ambo ya kijito, zilikuwa za kwao. Bibi yake aliyemlea alikuwa hawezi tena kutembea, kifua kinambana, na kule barabarani hapakuwa na kitu ila vibanda vya majani ya migomba. Hakutaka makubwa. Alitaka bibi aachiwe paa lake mpaka mvua zipite.

Sasa, kwetu kijana hapeleki haja yake mwenyewe kwa mkubwa. Humtuma mtu amsemee, na huyo akishasema, likubaliwe lisikubaliwe, anakuwa mtu wako maisha yote. Isitoshe, mwanachuo aliyesomeshwa na serikali akienda kutetea nyumba ya kwao angeitwa mbinafsi, na siku zile neno hilo lilikuwa zito.

"Nisemee, Kapteni," aliniambia. "Mimi nikienda ni mjukuu. Wewe ukienda ni chama."

Nikamwambia nakwenda. Nikatembea mpaka karibu na Landrova ya yule bwana. Alikuwa amekaa anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Nikawaza: nikifungua mdomo sasa ataona timu hii imeanza visingizio, na lori atalichukua. Nikasimama nyuma ya mgomba, muda wa kutosha mtu kusema na kujibiwa. Kisha nikarudi.

"Nimesema naye," nikamwambia Zuberi. "Amekataa."

Aliinamisha kichwa kidogo. "Umesema," akajibu. "Inatosha."

Kesho yake tuliezua. Hakuna aliyehesabu pointi siku hiyo. Zuberi mwenyewe ndiye aliyepanda wa kwanza. Bibi alikuwa ametolewa nje, kaketishwa kitini, kafunikwa kanga mbili. Tulimwamkia shikamoo mmoja mmoja, naye akatuitikia mmoja mmoja, kila mtu mjukuu wake. Halafu akauliza kwa Kishambaa ni yupi aliyekwenda kumsemea. Nikasukumwa mbele. Akaniwekea kiganja kichwani, akaniombea dua ndefu. Kiganja kilikuwa cha baridi.

Nilisema amina.

Tukamshusha kwa machela mpaka barabarani, tukamlaza kwenye kibanda. Mvua ilianza kabla hatujapanda lori. Mimi nilikaa mbele na dereva, ndiyo haki ya kapteni. Njiani dereva akaanza kupiga soga. Akasema mzee mmoja wa upande wa pili wa kilima ameachiwa nyumba yake mpaka mvua zipite, kwa sababu jirani yake alikwenda kumsemea. Yule bwana si mbaya, alisema, ukimwambia anasikia.

Tulikuwa hatujafika mbali. Ningeweza kumwambia ageuze. Nilitazama mbele, nikauliza kama mafuta yatatufikisha Tanga kesho.

Jumamosi tulishinda, kwa kikapu cha mwisho cha Zuberi. Walimbeba mabegani. Kwenye ile picha ndiye peke yake asiyetazama kamera, na wanafunzi wameniuliza sababu. Nimewajibu jua lilimpiga machoni.

Saa ile tunapiga picha, bibi alikuwa ameshazikwa. Alifariki usiku ule ule tuliomshusha, kwenye kibanda, kabla ya kukucha, wakamzika Ijumaa baada ya swala. Tuliporudi Jumapili na kombe letu, tukiimba, tulimkuta mjomba wa Zuberi amesimama getini. Tukaacha kuimba mmoja mmoja, kadiri kila mtu alivyomwona.

Zuberi hakushika mpira tena. Alimaliza ualimu, akafundisha huko kwao mpaka akastaafu. Miaka ilipopita na mambo yakalegea, watu walirudi juu, naye akajenga pale pale. Mahali palipokuwa na jiko la bibi akapanda mpeasi.

Watoto wake wananiita baba mkubwa. Amewakuza akiwaambia kwamba siku ile watu wote walikuwa na hofu, na mmoja tu ndiye aliyekwenda kusema. Kwenye harusi ya binti yake aliniketisha na wazee wa ukoo, mimi Mlutheri wa Lushoto, nisiye na undugu naye hata wa mbali. Nikakaa. Nikala pilau.

Nimejaribu kumwambia. Mara mbili nimepanda mpaka Mgwashi kwa nia hiyo, na mara zote mbili nimerudi na viazi.

Leo nimempigia simu kumshukuru kwa kapu. "Onga makeo, Kapteni," akaniamkia, kama siku zote, kabla sijasema langu. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Akanieleza kwamba mjukuu wake Rehema humsomea ukurasa huu jioni, wakishamaliza kula, na nyumba nzima husikiliza. Hilo nilikuwa silijui. Akauliza ni lini nitaandika habari za timu yetu.

"Andika," alisema. "Na usisahau kuweka ulivyomsemea bibi."

Nimeketi na maneno hayo tangu asubuhi. Mimi ni mwoga, nilikuwa mwoga nikiwa na miguu ya kukimbia na bado ni mwoga sasa ninapotembea na fimbo. Kama angekuwa mbele yangu nisingesema. Lakini kuandika naweza.

Rehema, mjukuu wangu, najua unasoma kwa sauti. Ukifika pale nyuma ya mgomba usiparuke, wala usinilainishie. Msomee babu yako kama ilivyo: sikusema naye. Hakukataa, kwa sababu hakuulizwa.

Mapeasi nimeyafunika tena na majani yake, hakuna lililopungua. Kesho nitapanda nayo basi la kwanza niyarudishe Mgwashi, anifungulie mlango au asinifungulie. Ya kwanza hayajawahi kuwa yangu.