Sumaku Yangu na Kitabu cha Hirsi

Jumatatu, 8 Septemba
Nimefunga sumaku kamba mpya. Asubuhi nimeitumbukiza, nimetoa ndoo mbili za bati na mnyororo vilivyozama kwenye kisima cha watu wa ng'ombe. Hapa Iftin hakuna mwingine wa kazi hii. Hata Wajir, na visima vyao vyote, walikuwa wananiita mimi. Sasa watu wananisalimia haraka haraka, wanakimbilia kwa Hirsi. Jirani yangu, rika langu. Ana kitabu. Kitabu tu.

Jumatano, 10 Septemba
Gari limetoka Nairobi kwa ajili ya Hirsi. Mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke, amevaa glavu ndio aguse karatasi. Anasema kina miaka mia nne, ni cha sumaku na umeme, lugha ni Kilatini, na duniani vimebaki vichache. Baba yake Hirsi alimpikia padre Mwitaliano kule Kismayu, akaachiwa kitabu hicho. Hirsi mwenyewe hajui herufi moja ya humo. Kukiweka kwenye sanduku na ubani, basi amekuwa mtaalamu! Mimi nimeshika sumaku miaka arobaini. Nani amenivalia glavu?
Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Masomo ya ngumbaru yamenifaa kitu kimoja.

Ijumaa, 12 Septemba
Baada ya swala, kwenye chai, Hirsi ameniumiza. Yule mwalimu alimsomea ukurasa mmoja. Mwandishi alipaka sumaku kitunguu saumu na nguvu haikupotea. Hirsi akalisema mbele ya watu. Wote wanajua kitunguu saumu hakiingii nyumbani kwangu. Mzee aliyenifundisha kazi Wajir alisema kinaua sumaku. Nimeshika neno lake.
"Walaal, ndugu yangu, umemnyima mkeo ladha bure!" akaniambia.
Wakacheka mpaka chai ikamwagika.
Nikasema kitabu kinadanganya. Jumatatu naleta sumaku yangu, wao walete kitunguu. Nimesema kwa sauti kubwa. Mimi sirudi nyuma, wallahi.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimenunua kichwa kimoja cha kitunguu saumu mwisho wa soko, kwa mama asiyenijua. Nikajifungia stoo. Nikasugua sumaku. Nikangoja. Msumari ukaruka ukashika. Nikasugua punje nyingine, na nyingine. Ukashika.
Miaka arobaini.
Nimenawa kwa sabuni mara tatu. Habiba mke wangu akanusa, akaniangalia.

Jumapili, 14 Septemba
Stoo iko sumaku yangu nyingine, iliyoungua na moto. Haivuti hata sindano. Ukubwa ule ule, rangi ile ile. Nikiipaka kitunguu mbele yao, nani atajua? Kitabu kitarudi sandukuni. Gari la Nairobi halitakuja tena.
Nimeitia mfuko wa kushoto wa kanzu. Nzima iko kulia. Sijaamua.
Uongo. Nimeamua. Ya kushoto.

Jumatatu, 15 Septemba
Watu walijaa. Hirsi akaja na kitabu kwenye kitambaa, akakiweka mapajani mwangu. Mara ya kwanza kukigusa.
"Shika, walaal. Kati yetu ni wewe ungekielewa."
Sikutegemea hilo. Nikakifunua. Kuna picha, mtu ameinua nyundo juu ya chuma. Mikono minene kama yangu. Nikafikiri, yule mwandishi naye aliambiwa na wazee wake. Akatafuta kitunguu, akasugua, akangoja. Kama mimi juzi. Tofauti ni kwamba yeye hakungoja miaka arobaini. Na huyo ndiye niliyetaka kumfanya mwongo.
Nikatoa ya kulia, nikaipaka kitunguu chao.
Msumari ukashika. Walicheka sana, wengine wakanipiga mgongo. Hirsi hakucheka. Kwa hilo nimemchukia zaidi kidogo.

Jumanne, 16 Septemba
Nimempa Habiba kitunguu saumu, vichwa vitatu. Akauliza, "Na sumaku?" Nikamwambia haina habari.
Akatwanga, akaweka kwenye nyama. Harufu imefika hadi kwa Hirsi.
Sikumwambia ni tamu. Nimeomba sahani ya pili.