Jiwe la Muuza Mafuta

Kabondo, Kisangani
14 Julai 2024

Mpendwa Yaya Mohamadi, kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Wewe je? Kile kifua kimepona, au baridi ya Liège huko Ulaya bado inakukohoza? Mkeo Emérence na mtoto wenu Naomie wanakula vizuri, wanacheka? Nijulishe hayo yote kabla hujaanza kunigombeza tena.

Ninakuandikia kwa karatasi makusudi. Ujumbe wa simu unaujibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, halafu unarudi kwenye shughuli zako. Barua hii ataileta Olga, jirani yetu wa nyumba ya kona anayesafiri kuja huko, na nimemwambia asiondoke kwako mpaka aone umeifungua.

Maneno yako nimeyapata. Kifaransa kizuri sana, hongera. Unasema nimekuwa mtu mzima, niache kiburi, niondoe kurasa za Kiswahili kwenye tasnifu yangu, nipewe diploma, kisha nifanye ninavyotaka. Jibu langu ni hapana. Nimelitanguliza ili usisome barua nzima ukilitafuta. Sasa kaa nikueleze, maana aliyekupigia simu kukupa habari ni mjomba wetu, tonton Juma, na siku ile ya kutetea tasnifu tonton Juma alikuwa nje ya ukumbi anachunga sufuria za lituma, zile ndizi za kuponda.

Nilikoanzia unakujua. Tulipokuwa wadogo, marehemu Papa ndiye aliyekuwa akitoa maana kwenye Maulidi. Msomaji anasoma ubeti wa Kiarabu, ananyamaza, Papa anausema kwa Kiswahili chetu hiki cha Kisangani. Hakuwa akitazama kitabu, alikuwa akitazama nyuso za watu. Nyuso zisipobadilika, alitikisa kichwa na kusema, “Maana haiyafika bado,” akaanza upya kwa njia nyingine. Wewe ulikuwa unasinzia. Mimi nilikuwa miguuni pake, macho makavu.

Masista waliponifundisha Kilatini, kazi yenyewe nilikuwa tayari ninaijua, imebadilika lugha tu. Mtaa mzima ulinicheka. Tonton Juma hakuchoka kuniuliza, “Kilatini iko ya bapadri. Wewe unatafuta nini mule?” Nilikuwa ninatafuta mashairi, na niliyapata, tena mengine hayana upadri wowote.

Yale niliyoyafanyia tasnifu yamechongwa kwenye mawe ya makaburi, huko kaskazini ya Afrika hii hii yetu, zamani za utawala wa Waroma. Waliozikwa ni watu wa kawaida: mke wa askari, mwalimu wa watoto, mwanamke muuza mafuta. Jiwe lenyewe ndilo linalosema. Linamwita mpita njia, linamwomba asimame asome. Nimeyafasiri kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, na ndizo hizo kurasa zinazowaumiza watu vichwa.

Basi, siku ya kutetea ikafika. Desturi yetu unaikumbuka: familia inajaza ukumbi, wote wamevaa liputa ya kitambaa kimoja, hawaelewi neno tangu mwanzo, cheo kikitajwa wanapiga vigelegele. Shangazi Safiya alivuka mto na pirogi kutoka Lubunga tangu alfajiri, kajipaka manukato mpaka walinzi wakamsalimu kwa heshima. Mimi sikutaka Mama akae pale kama kiti. Nikaliomba jopo ruhusa nisome shairi moja kwa Kilatini, kisha nitoe maana. Profesa Liévin, msimamizi wangu, alifumba macho. Ananijua.

Nikasoma lile la muuza mafuta. Kisha nikafunga kitabu, nikawatazama watu usoni, nikasema, “Wewe unayepita na mzigo wako, simama.”

Yaya, shangazi Safiya aliitika! Sauti yote, kama yuko kwenye kilio cha jirani: “Tumesimama, mama!” Na wale wa nyuma wakamfuata, “Tumesimama!”

Mwenyekiti wa jopo akagonga meza. “Mesdames, hapa haiko matanga!”

“Bon, lakini ametuita,” shangazi akamjibu. “Tunyamaze tu?”

Nikaendelea kabla hawajamtoa nje. Yule mwanamke anasema aliuza mafuta na hakumpunja mtu kipimo, na wauzaji wa soko waliokuwa mle ndani wakacheka, unajua kwa nini. Anasema mama yake alimzika yeye, na haikutakiwa iwe hivyo. Hapo hakucheka mtu. Kisha anasema ana ndugu aliyevuka maji na hajarudi, na akipita mahali hapo, aambiwe kwamba alikuwa akimwekea chakula.

Mama hakuitika kama wengine. Alivuta ncha ya liputa akajifunika uso, mabega yanatikisika. Hakuwa analia kwa ajili ya muuza mafuta, Yaya. Sikuandikii hivi kukuumiza, nakuandikia kwa sababu tonton Juma hakukwambia. Mpaka leo, tukila samaki, kile kichwa unachokipenda wewe kinabaki kwenye sahani mpaka kila mtu ameshanawa.

Mwisho jiwe linaomba jina lake litajwe, ila jina lenyewe limemeguka, halisomeki. Niliposema hivyo shangazi hakuvumilia. “Tutamuita Mama Mafuta,” akasema, na watu wakalitaja, wengine kwa machozi, wengine kwa kicheko. Nimelisoma shairi hili mbele ya wataalamu mara nyingi. Waliandika, walitikisa vichwa, mmoja aliniuliza juu ya aina ya jiwe. Hakuna aliyewahi kusimama. Jiwe limeita muda wote huo, na wa kwanza kuliitikia mbele ya macho yangu ni shangazi yetu wa Lubunga.

Jopo likatoka, likarudi. Wamenipitisha, ila kwa sharti: kurasa za Kiswahili ziondoke, Kifaransa kiingie mahali pake, ndipo nipewe diploma. Kwa maneno yao, Kiswahili cha Kisangani ni cha sokoni, hakibebi kazi ya kisayansi, na ushahidi ni ile fujo ya ukumbini. Fujo! Watu wameelewa shairi, wao wanaita fujo.

Na nikuambie jambo la kuchekesha. Kilatini cha mawe hayo nacho kilikuwa cha sokoni. Vitabu vya wataalamu vimejaa alama za kukisahihisha: hapa alikosea, hapa alipaswa kusema vile. Yule mama aliuza mafuta kwa Kilatini hicho hicho, akazikwa nacho, na leo maprofesa wanavaa majoho kwa ajili yake. Kwa hiyo wasinitishe na soko.

Usidhani sikitaki cheo. Ninakitaka sana. Nimechoka kuwa chef de travaux, yaani mtu wa kusahihisha mitihani ya madarasa ya wengine, na wanafunzi wangu wa zamani wananipita wakiwa maprofesa. Bila diploma hiyo nitazeekea hapo hapo, na wivu utanila, sifichi. Profesa Liévin mwenyewe, ambaye ndugu zake wote ni wafanyabiashara wa jumla kutoka Butembo na bado wanamuuliza Kilatini kinauzwa bei gani, aliniomba kwa upole. “Ondoa tu, Mwanahamisi. On verra après.” Nampenda mzee huyu kama baba. Nikamwambia kwamba hiyo après, hiyo “tutaona baadaye”, nimeiona ikila watu wengi.

Wewe pia ulisema hivyo siku ya kuondoka, utamaliza masomo kwanza, mengine baadaye. Sikulaumu. Ila usinifundishe njia hiyo na mimi.

Hivyo kesho nitapanda toleka mpaka chuoni, tasnifu nimeipakata mapajani, mwenye baiskeli aende polepole. Nimeshaifunga jalada. Kurasa za Kiswahili sikuziondoa, nimezihamisha. Zilikuwa mwishoni kabisa, sasa ziko mbele, ukifungua tu unakutana nazo. Wakiikataa, nitairudisha nyumbani na kuisoma kwa sauti barazani kwetu, na sufuria za lituma zitapikwa tena. Tonton Juma ananuna na kusema nimekuwa kichwa ngumu kama Papa. Alidhani ananitukana.

Mama anakusalimu, shangazi Safiya pia, na Profesa Liévin anauliza kama huko bado kuna maduka ya vitabu vikuukuu. Mbusu Naomie, umwambie ana shangazi mkorofi anayempenda. Emérence mwambie asikuonee huruma ukimaliza kusoma. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulainishie riziki, na akufungulie njia ya kuja, ikiwa unaitaka.

Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia shairi lote la muuza mafuta, kwa Kiswahili ambacho unaambiwa hakibebi kitu. Ingia chumbani, lisome kwa sauti, na ufikapo kwa yule ndugu usiruke mstari. Uso wako usipobadilika, basi maana haijafika, mimi ndiye nimeshindwa, niandikie hivyo kwa Kifaransa chako na nitakusikiliza. Lakini ukibadilika, usinijibu mimi. Mpigie Mama, usimweleze lolote. Mwambie tu, “Nimesimama.”

Mdogo wako akupendaye hata ukikosea,
Mwanahamisi