Magazeti ya Baba Usiyafungie Bajia

La, Dada Asha, sijapata wazimu, wala sijaanza kula karatasi. Umeniuliza magazeti makuukuu ya marehemu baba, yale yaliyomo kashani, nnayatakia nini hata nkakuandikia usiyafungie bajia zako. Ntakwambia. Lakini shikamoo kwanza, maana nnakujua, usipoamkiwa husomi mbele. Mguu umepoa? Mvua inavuja bado pale ukumbini? Miye mzima hapa Mombasa, nauza chochote kinachouzika: vikombe, saa zisizokwenda, koti la mtu aliyenenepa.

Sasa sikiliza. Ile halua uliyompa Bi Mwanajuma aniletee ilifika, na niliimaliza siku ile ile, Mungu anisamehe, jirani nilimwonjesha ncha ya kidole. Uliifunga kwa gazeti la kwetu, la kabla ya Mapinduzi. Nkamkumbuka Mwalimu Kanji, Mhindi mmoja mstaafu hapa Kibokoni, anayekusanya magazeti ya zamani kama wenziwe wanavyokusanya stempu. Nkasema, leo riziki imenijia na utamu juu.

Tatizo gazeti lilinuka samli. Nami nnampelekea mtu mzima kitu, nkafanya tunavyozifanya nguo kwetu: nkawasha chetezo, nkaweka tenga juu yake, nkalitandaza gazeti, nkalifukiza udi mpaka likakolea.

Mwalimu kulifungua tu, akapiga chafya tatu.

"Umelifanya nini hili?"

"Nimelitia udi, Mwalimu."

"Gazeti hili au bibi harusi? Tazama, limekuwa rangi ya chai! Moshi unakula karatasi, bwana!"

Nkamwambia basi, harufu nampa bure. Akacheka, akanikalisha, akanionyesha anavyoyapima. Kwanza anahesabu kurasa, zimetimia? Kisha anatazama mkunjo, umekatika? Kuna mtu aliyekata picha? Nkajigamba kwamba kwetu yapo ya siku kubwa kubwa, yenye picha za wakubwa. Akatikisa kichwa.

"Hayo kila mtu kaweka. Niletee ya siku isiyokuwa na jambo. Hayo ndiyo adimu, maana yote mmefungia samaki."

Akawa anasoma matangazo kwa sauti, ya sinema, ya mtu wa Paje anauza ng'ombe. Halafu akasoma hili, Dada: "Imepotea baiskeli nyeusi, Darajani. Kengele haina, kiti kimefungwa kamba. Atakayeiona ampelekee Makame, fundi viatu, Vikokotoni. Atakunywa chai."

Baba huyo! Si alitwambia ile baiskeli kamwazima rafiki yake wa Chukwani? Miaka yote ile anakwenda kazini kwa miguu, ukimuuliza anasema, "Rafiki yangu bado ana shida nayo." Kumbe iliibiwa, akaona haya kutwambia! Nilicheka mpaka Mwalimu akaniletea maji. Halafu hayo maji sikuweza kuyanywa. Ile "atakunywa chai" ni sauti yake khasa. Miaka minne sijakaa na mtu wa nyumbani kwetu nkamsikia anasema, na wa kwanza kunisemesha ni yeye, kwenye karatasi ya halua.

Mwalimu akasema, "Pamoja na udi wako, nalinunua." Miye, niliyewahi kuuza mto niliolalia, nkamwambia haliuzwi. Nlishangaa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa tangu barua yako ifike sina raha. Nnaona watu wanapita hapo mlangoni kwako wanakula bajia, wamemshika baba mkononi, wakimaliza wanamkunja wanamtupa. Ningekuja kuyaokoa mwenyewe, lakini unajua mambo ya vibali vya kuja huko, mlango bado haujafunguka.

Nisalimie Shangazi Mize wa cherehani. Mama mdogo Bi Kazija mwambie hata ugomvi wake nnautamani. Shemeji yangu, mumeo, mwambie kofia nimezitafuta, lakini kichwa chake hakijapata kushonewa huku.

Haya, tufanye biashara. Kila karatasi ya zamani utakayoiacha kashani, miye nakupa tatu mpya za Mombasa, safi, kavu, bajia hazitajua tofauti. Furushi la kwanza nalituma kabla hujanipa neno. Na weye, kila Ijumaa mkishakula, fungua gazeti moja, moja tu, upitie matangazo madogo madogo. Ukimkuta baba popote, hata mstari mmoja, uninakilie kama alivyoandika. Tumepatana?

Nduguyo akupendaye,
Haji